Tegu Katika Chupa ya Mama Nyakio

Nilimwahidi Mama Nyakio, tukiwa tumesimama nyuma ya nyumba yake pale Bahati karibu na Nakuru, yeye akiwa ameficha kitu ndani ya leso na mimi nikijaribu kuonekana mtu mzima kuliko nilivyo, kwamba jambo lile lingebaki kati yake, mimi na tabibu wa zahanati, na kwamba kilichokuwa ndani ya leso kingeishia chooni kabla jua halijatua. "Nakuahidi, mama," nilisema. Akauliza, "Barasa, hata mchungaji hutamwambia?" Nikajibu kwamba hata mchungaji. Siku kumi na mbili baadaye nilikiinua kitu hicho juu ya kichwa changu, ndani ya ukumbi wa kanisa, mbele ya watu wasiopungua themanini, ili hata walioketi nyuma wapate kukiona vizuri.

Nimeona nianzie hapo kwa sababu sitaki mtu asome nusu ya kisa hiki akitarajia kwamba kuna mahali nitajitetea. (Nilijitetea vya kutosha miezi ya mwanzo, hasa nikiwa peke yangu, na nilikuwa hodari sana wa kushinda kesi hiyo kwa kuwa upande wa pili haukuwepo.)

Nilikuwa nimemaliza masomo ya afya ya jamii chuoni Njoro, na nilikuja Bahati kujitolea katika zahanati ndogo nikiwa na daftari tatu, viatu vizuri na imani kamili kwamba watu huugua kwa sababu hakuna aliyekaa nao akawaeleza. Bado naamini hivyo kwa sehemu kubwa. Nilipata chumba katika boma la Mama Nyakio, mjane wa miaka sitini na ushei, ambaye binti yake, huyo Nyakio mwenyewe, ana hoteli ndogo kule Salgaa anakouzia madereva wa malori chai na chapati. Mama alibaki peke yake na ng'ombe wawili, basi mimi nikawa mtu wa kulishwa. Sikuwahi kuomba. Sahani ilikuwa inakuja tu mlangoni ikiwa imefunikwa kwa sahani nyingine.

Mama Nyakio alikuwa mpishi mkuu wa kanisa lile kwa muda unaozidi umri wangu. Hakuna kamati iliyomchagua. Ilikuwa tu kwamba harusi au mazishi yakitangazwa, na sufuria kubwa zikitolewa stoo, kila mtu alimtafuta yeye kwa macho kabla ya kuwasha moto, na asipokuwepo moto haukuwashwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake, na sijamwona akijali nyingine. Nyama alikuwa na namna yake ya kuipika: huchota kipande kikiwa bado chekundu katikati, akakitafuna taratibu huku ametazama juu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, ndipo anapojua kama chumvi imeingia. Nilipomuuliza kwa nini hangoji iive, alinicheka. "Ikishaiva umechelewa. Chumvi ya mwisho hukaa kwa mchuzi, haiingii kwa nyama."

Naomba pia ukumbuke jambo moja la akina mama wa pale, maana ndilo lililoniangusha. Shughuli yoyote ikifanyika, kila nyumba huazimisha vyombo, na ili sahani ya mtu isiishie kwa jirani, kila mwanamke huweka alama yake chini ya chombo kwa rangi ya kucha. Mmoja ana msalaba, mwingine herufi, mwingine mstari wa bluu. Wageni wakishaondoka, wanawake huketi kwenye nyasi wakipindua vyombo na kuitana, na hakuna anayekosea. Alama ya Mama Nyakio ilikuwa vitone vitatu vyekundu. Niliutazama mpango huo mara nyingi, nikaustaajabia, nikauandika hata kwenye daftari kama mfano wa utaratibu wa jamii usiohitaji msimamizi. (Niliandika ukurasa mzima. Ninao bado.)

Basi asubuhi moja Mama Nyakio alinijia, akakaa kitako, akasema kwamba kwa wiki kadhaa alikuwa akitokwa na vitu vyeupe, bapa, kama tambi zilizokatwakatwa, na kwamba vingine vilikuwa vikitembea. Alidhani utumbo wake unaoza. Hakuwa amemwambia hata Nyakio. Nilimweleza kwamba huyo ni tegu, kwamba ana dawa, kwamba hakuna aibu yoyote (neno hilo nililisema kwa wepesi wa mtu ambaye aibu si yake), nikampeleka kwa tabibu, akapewa dawa. Nikamwomba jambo gumu zaidi: akusanye kitakachotoka aniletee, kwa sababu tegu unaweza kumtoa urefu wa kamba ya kufungia ndama, lakini kichwa kikibaki, huwa hujafanya kitu. Ataota tena.

Hicho ndicho kilichokuwa ndani ya leso: chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iliyowahi kuwa ya asali. Nilikwenda nayo zahanati, nikaosha na kuchuja kwa uvumilivu ambao hata mimi ulinishangaza, mpaka nikakiona kichwa, kidogo kama kichwa cha pini. Chini ya darubini kilikuwa na vikombe vinne vya kunyonyea, viwili huku na viwili huku, na hakikuwa na kulabu hata moja. Maana yake ni kwamba alikuwa tegu wa ng'ombe, si wa nguruwe. Nilirudi mbio kumwambia kwamba amepona. Alifumba macho akashukuru kwa Kikuyu, akayafumbua, akasema, "Sasa mwaga." Nikasema, "Nitamwaga."

Sikumwaga. Naandika sentensi hiyo fupi kwa makusudi, kwa kuwa kila kilichofuata kilitoka humo. Kichwa kizima ni nadra kukipata. Mara nyingi dawa humvunjavunja mnyoo. Nilijiambia kwamba kumtupa ni kutupa somo, kwamba maarifa ni mali ya watu wote, kwamba ahadi ilihusu jina na jina nisingelitaja, na kwamba kitu kisicho na jina si cha mtu. Nilipanga hoja hizo vizuri sana. Nikamrudisha katika chupa ileile kwa kuwa haikuwepo nyingine yenye mdomo mpana, nikamimina dawa ya kuhifadhia, nikakwangua karatasi ya asali mpaka kioo kikang'aa. Nilikiangalia kioo pande zote. Chini sikuangalia.

Kanisa lilikuwa limenipa saa moja, siku ya Jumamosi, kuzungumza juu ya minyoo. Nilikuwa nimechora tegu kwenye karatasi kubwa, lakini asubuhi ile mchoro wangu uliniudhi, ulifanana na mshipi wa suruali, basi nikaibeba chupa. Nilikuwa pia nimemwomba Mama Nyakio, kwa kinywa changu mwenyewe, apike siku hiyo, ili baada ya somo watu waile nyama iliyoiva sawasawa na wajue utamu haupotei. Alikubali kwa furaha. Tangu alfajiri alikuwa jikoni nyuma ya ukumbi, na harufu ya kitunguu ilikuwa ikituingilia dirishani.

Somo lilianza vizuri kupita kiasi. Niliwaambia kwamba tegu hana mdomo, wakashtuka. Niliwaambia kwamba hana tumbo wala meno, kwamba yeye hulala tu ndani ya chakula chetu na kukinyonya kwa ngozi ya mwili wake wote.

"Sasa kama hana mdomo, anashika na nini?" akauliza Mzee Njuguna kutoka nyuma. Huyu ni mzee mcheshi aliyestaafu kazi ya kiwandani mjini Nakuru, na hakuna mkutano wa Bahati unaokwisha bila yeye kuuvuruga.

Nilikuwa nikilingojea swali hilo. Nikaeleza kwamba utumbo haukai kimya, kwamba usiku na mchana ukuta wake hujikunja na kusukuma kila kitu kiende chini, na kwamba mnyoo asiye na mahali pa kushika angesombwa na kutoka siku hiyohiyo. Kwa hiyo kichwa chake kidogo kina vikombe vinne vya msuli. Hukibandika kila kimoja kwenye ukuta laini wa utumbo, kisha hukivuta kwa ndani, na ule utando wa ukuta ukaingia katika kikombe kama chuchu inavyoingia kinywani mwa ndama. Hang'ati, hatoboi. Ameshika tu. Na mwili wote, pingili baada ya pingili, mita baada ya mita, unaning'inia kwa kichwa hicho kisichozidi mbegu ya sukuma wiki.

"Kumbe," akasema Mzee Njuguna. "Ameshikilia kiti na haongei. Huyo tulimpigia kura."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mchungaji mwenyewe alicheka akificha uso kwa kitabu. Nilihisi (nakiri, kwa kuwa nimesema sitajitetea) kwamba hii ndiyo kazi niliyoumbiwa. Niligeuka kidogo nikamwona Mama Nyakio amesimama kwenye mlango wa jikoni, upawa mkononi, amekuja kumsikiliza kijana wake, na alikuwa anacheka pia. Nikaitoa chupa mfukoni mwa koti.

"Huyu hapa," nilisema. "Si mchoro. Ni mwenyewe."

"Inua juu, daktari, sisi wa huku hatuoni," akasema Mzee Njuguna.

Mimi si daktari. Nikainua juu.

Kwenye kiti cha mbele kabisa alikuwa ameketi Mama Ruth, mtunza stoo ya vyombo vya kanisa, mwanamke mtaratibu asiye na ubaya na mtu. Alikuwa ameinua uso kama wengine wote, na kutoka pale alipokaa alichokiona hakikuwa tegu. Aliona kitako cha chupa. Sidhani alifikiri, nadhani ni macho tu ya mtu aliyepindua vyombo maisha yake yote.

"Ngoja," akasema. "Hiyo chupa iko na alama."

"Ya nani?" akauliza jirani yake, bado akicheka.

Mama Ruth akafungua kinywa, kisha akakifunga. Jina halikutajwa, na mpaka leo sijasikia mtu akidai lilitajwa. Wanawake wa safu ya kwanza walitazama kitako cha chupa, wa safu ya pili wakainama ili waone, halafu safu zote, bila mtu kuambiana, zikageukia mlango wa jikoni.

Kama ningenyamaza pale, huenda kungebaki shaka kidogo ya kumkinga. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba penye hofu papelekwe maelezo, basi nikapeleka. Bado nimeinua chupa, nikasema kwa sauti ya juu na iliyo wazi, "Aliyekuwa na mnyoo huyu amepona kabisa. Hata akiwapikia, chakula chake ni salama."

Mama Ruth alinitazama kwa huruma. "Daktari," akasema polepole, "nani amesema mambo ya kupika?"

Nilishusha mkono. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Nilijaribu kuendelea. Nilisema kitu kuhusu kuosha mikono, na hilo likazidisha, kwa sababu kila nilichosema sasa kilionekana kina mtu mmoja ndani yake. Mchungaji akasimama akanishukuru, akaombea chakula kwa maneno machache, akatangaza kwamba tuketi tule. Ndipo Bahati nzima ikakumbuka ilichokiacha nyumbani. Mmoja alikuwa amefunga kamba ya ng'ombe vibaya. Mwingine alikuwa na dawa ambayo haitaki nyama. Wawili walikuwa katika mfungo ambao sikuwahi kuusikia. Mzee Njuguna hakutania. Alivaa kofia yake, akaenda. Mchungaji aliomba afungiwe chakula cha kubeba, akasahau kukichukua.

Nilipoingia jikoni nilimkuta Mama Nyakio ameketi kwenye kigoda kati ya sufuria tatu kubwa: wali, mukimo wa viazi na mahindi, na nyama, zote zimefunikwa, zimejaa kama zilivyokuwa. Sahani themanini zilikuwa zimepangwa mezani. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi kutoka ukumbini hadi pale, hatua kama ishirini. Badala yake nilichukua sahani, nikajipakulia, nikaketi sakafuni nikala. Sijui nilifikiri nini. Labda kwamba nikila cha kutosha watu watarudi.

"Kula polepole," akasema. "Nyama imeiva. Imekaa motoni tangu saa kumi na moja."

Nilikula. Nyama ilikuwa laini inaachana na mfupa yenyewe, lakini ilikuwa haina chumvi. Haina kabisa, kama nyama ya mgonjwa.

"Iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa, mama."

Akanyoosha mkono, akachukua kipande kwenye sahani yangu, akakitafuna. Kisha akatikisa kichwa. "Unanidanganya tena. Haina chumvi." Alisema kama mtu anayetoa taarifa. "Uliniambia nisionje ikiwa haijaiva. Sikuonja. Nilikisia tu."

Akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na chumvi kidogo katika kiganja chake, akaninyunyizia juu ya nyama kwa vidole vitatu, kama anavyonyunyizia watoto. Nikala mpaka sahani ikaisha, naye akanipakulia nyingine. Hakunilaumu siku hiyo, wala hajanilaumu baadaye. Ningependa sana angenilaumu. Alichouliza, tukiosha sahani ambazo hazikuwa zimetumika, kilikuwa hiki tu: "Ulisema utamwaga. Kwani choo kilikuwa mbali?"

Yapata mwaka sasa. Mazishi ya kwanza baada ya siku ile, Mama Nyakio alienda mapema kama kawaida yake, akakuta moto umeshawashwa. Akapewa viazi amenye. Mazishi yaliyofuata akaambiwa, kwa upole mwingi, "Leo pumzika, mathe, umefanya kazi miaka mingi," akawekewa kiti kizuri kivulini. Hakuna aliyemtukana. Wanamsalimia, wanamtumia maziwa ng'ombe wake wakikauka, wanampenda, nina hakika. Ila akipeleka kikapu cha mahamri kwa mfiwa, hurudi na kikapu kikiwa na uzito uleule. Nyakio amemwita Salgaa mara kadhaa akamsaidie hotelini, mahali ambapo watu hawamjui. Yeye hukataa. "Nikienda watasema nimekimbia," huniambia. "Na huko sina mtu nimezoea kumpikia."

Nami nimezunguka nyumba kwa nyumba. Nimeeleza kwamba tegu wa ng'ombe hatoki mkononi mwa mpishi, kwamba humpata mtu kwa njia moja tu, kula nyama ya ng'ombe isiyoiva, kwamba hata siku alipokuwa naye tumboni asingeweza kumpa mtu yeyote kwa chakula chake, na kwamba alimpata kwa kuonja ili nyama yetu sisi iwe na chumvi. Katika lile somo langu zuri nilieleza vikombe vinne na ukuta wa utumbo na ndama na chuchu, na hilo moja, ambalo ndilo lingemwokoa, sikulisema. Sasa nalisema, na watu hunisikiliza mpaka mwisho. "Tumeelewa, daktari," hunijibu, nami naamini kweli wameelewa. Halafu kunakuja harusi. Ni kama nilivyowaambia mwenyewe: unaweza kutoa mita nzima nzima, na kile kichwa kidogo bado kimeshika.

Chupa niliimwaga jioni ya Jumamosi ileile, katika choo kilekile kilichokuwa hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu. Nilizihesabu. Nikaiosha chupa kwa maji yanayochemka, nikaikausha, nikaona siwezi kuirudisha wala kuitupa. Iko dirishani kwangu, imepinduliwa, vitone vimetazama juu. Mwanafunzi akija zahanati kujifunza huwa namwambia kwamba ahadi kwa mgonjwa haina kifungu kidogo nyuma yake, na sionyeshi mnyoo wa mtu tena maisha yangu yote. Nachora mshipi wa suruali na tunacheka.

Kabla ya kuandika haya nilikwenda kumwomba ruhusa, kwa sababu angalau hilo nimejifunza. Alikuwa akikamua. Hakugeuka. "Jina tayari wanalijua," akasema. "Andika. Lakini andika ile kitu ulisahau kuwaambia, na uiandike mara mbili."

Tegu huyo hatoki mkononi mwa mpishi. Hatoki mkononi mwa mpishi.

Basi nina ombi moja kwako uliyefika hapa. Ukipita Bahati siku ya shughuli na ukakaribishwa chakula, uliza Mama Nyakio yuko wapi. Atakuwa kivulini, kwenye kiti kizuri. Mwombe akupakulie, kisha ule mahali watu wanapokuona.